Betri kavu na betri ya maji kwa inveta ya nyumbani: ipi ikae wapi

Anayetafuta umeme wa akiba katika maduka ya Darajani mjini Unguja, au kule Chake Chake na Wete, Pemba, huwekewa mbele betri mbili za volti 12, tuseme za Ah 200 (Ah ni ampea-saa, kipimo cha ukubwa wa betri). Moja, ya maji, ina vifuniko sita juu na huongezwa maji. Nyingine, kavu, imezibwa pande zote na husifiwa kwamba haina shughuli. Zote ni za risasi na asidi, zote ni mzigo wa watu wawili, kilo 55 hadi 65, na zote zitawasha taa zile zile. Maoni yetu ni haya: betri kavu ndiyo ya kuingia ndani ya nyumba wanamolala watu, kwa sharti chaja yake iwe imepangwa sawasawa. Betri ya maji, hasa ile ya mirija (tubular), ambayo mabamba yake ya chanya yamo ndani ya mirija, inakupa thamani zaidi kwa pesa yako ikiwa una chumba kinachopitisha hewa na mtu wa kuifungua na kuitazama kila mwezi. Ukikosa sharti hilo kwa upande wowote, umenunua hatari.

Katika betri ya maji, mabamba ya risasi yamezama kwenye asidi. Chaji ikishajaa, umeme unaoendelea kuingia huvunja maji yakawa haidrojeni na oksijeni, na gesi hizo hutokea kwenye matundu ya vifuniko. Betri kavu ina asidi ile ile, ila imefyonzwa na mkeka wa nyuzi za kioo, ambayo huandikwa AGM, au imegandishwa ikawa jeli. Humo oksijeni hupenya hadi kwenye bamba la hasi na kurudi kuwa maji, kwa kiasi cha asilimia 95 hadi 99. Kuna vali ndogo kila seli, na hiyo hufunguka pale tu shinikizo linapozidi.

Dukani kuna mtego. Betri za gari zisizo na vifuniko vya kufungua nazo huuzwa kwa jina la betri kavu. Hizo si AGM wala jeli. Ni betri za maji zilizozibwa mfuniko: gesi hutokea tundu la ubavuni, na maji yakipungua huna pa kuyaongezea. Nyingi zina kijicho cha kijani juu, na kijicho hicho husoma seli moja tu kati ya sita. Mabamba yake ni membamba kwa sababu kazi yake ni kupiga stata kwa sekunde chache. Ishushe hadi nusu kila umeme unapokatika, nayo itachoka kabla ya mwaka. Tafuta herufi VRLA (betri ya risasi iliyozibwa, yenye vali), AGM au GEL, na maandishi ya deep cycle, yaani ya kushushwa chaji sana na kujazwa tena. Tazama pia kama Ah imepimwa kwa C10 au C20. Ah 200 kwa C20 ni ampea 10 kwa saa 20. Ile ya Ah 200 kwa C10 hutoa ampea 20 kwa saa 10, na kwa kweli ni betri kubwa zaidi.

Sasa gesi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapochukulia mambo kirahisi. Kila Ah moja ya chaji inayozidi hutoa takriban lita 0.42 za haidrojeni katika kila seli. Seli ni sita, kwa hiyo lita 2.5. Chaja inayosukuma ampea 5 kwenye betri iliyokwisha kujaa itatoa kiasi cha lita 12 na nusu kwa saa. Haidrojeni huwa tayari kulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa iliyomo. Kabati la chini ya ngazi lenye nusu mita ya ujazo, yaani lita 500, linahitaji lita 20 tu: saa moja na nusu na dakika chache. Gesi yenyewe haina rangi wala harufu, ni nyepesi mno, na hukusanyika juu. Cheche ya swichi, ya nati iliyolegea au ya friji inayojiwasha inatosha. Vyumba vya ndani vya Mji Mkongwe visivyo na dirisha, vyenye kuta nene na mlango mmoja, havifai kabisa kwa betri ya maji. Jikoni penye mtungi wa gesi ni pabaya zaidi.

Chumba kinachofaa kina matundu mawili kwenye ukuta wa nje, moja karibu na sakafu na jingine karibu na dari. Kwa kanuni ya IEC 62485-2, ambayo ni kanuni ya kimataifa ya usalama wa betri, betri moja ya maji ya Ah 200 inahitaji kama sentimita 34 za mraba kwa kila tundu. Fanya sentimita 10 kwa 10, maana wavu wa mbu na vumbi hula nafasi. Betri mbili, ongeza maradufu. Inveta usiitundike juu ya betri. Mvuke wa asidi utaila, na cheche za ndani yake zitakuwa pale pale gesi inapopanda.

Betri kavu huondoa sehemu kubwa ya gesi hiyo, lakini ina ugonjwa wake, na kwa hali ya hewa ya Unguja na Pemba ugonjwa huo ndio wa kuogopwa. Volti za chaji zikizidi, vali hufunguka na maji hutoka yasirudi tena. Mkeka hukauka, betri hupata joto, na ikipata joto huvuta umeme zaidi, nao huzidi kuipasha. Mwisho ubavu huvimba na chumba hunuka mayai viza. Harufu hiyo ni ya gesi ya sumu. Zima chaja kutokea swichi kuu, fungua madirisha, toa watu, na usiifungue nati yoyote mpaka betri ipoe. Betri iliyovimba haitengenezeki. Anayekuambia ataitoboa aiongeze maji, mkatalie.

Joto peke yake, hata chaji ikiwa sawa, hukata umri. Jedwali la kampuni ya Victron Energy kwa betri zake za AGM zinazokaa kwenye chaji ya kudumu linaonyesha miaka 7 hadi 10 kwa nyuzi 20, miaka 4 kwa nyuzi 30, na miaka 2 kwa nyuzi 40. Kwa jeli ni 12, 6 na 3. Katika miezi ya kaskazi chumba kilichoezekwa bati bila dari hupita nyuzi 30 kwa urahisi. Kwa hiyo muuzaji akikuahidi miaka kumi, jua hiyo ni ya chumba cha nyuzi 20. Sakafuni, upande usiopigwa na jua la mchana, palipo mbali na injini ya friji, ndiyo mahali pake.

Mpangilio wa chaja ndio unaoamua maisha ya betri kavu, na fundi wengi huacha inveta ilivyotoka kiwandani. Mwombe akuonyeshe kwenye kioo chake aina ya betri iliyochaguliwa. Kwa nyuzi 25, AGM huchajiwa kwa volti 14.4 hadi 14.7 kisha ikatulia kwenye 13.5 hadi 13.8. Jeli haivumilii zaidi ya 14.1 au 14.2. Kila nyuzi moja juu ya 25 hupunguza takriban volti 0.024. Chumba cha nyuzi 33, basi, hutaka 0.2 pungufu: 14.4 iwe 14.2, na 13.6 iwe 13.4. Inveta nzuri ina kihisi cha joto chenye waya, na kinabandikwa ubavuni mwa betri, si kuachwa kining'inie ukutani. Ukikuta imeandikwa FLD, yaani mpangilio wa betri ya maji, huku betri ni AGM, ibadilishwe siku hiyo hiyo. Mpangilio wa FLD unaweza kuruhusu chaji ya kusawazisha seli ya volti 15 na zaidi, ambayo ni dawa kwa betri ya maji na kifo kwa betri kavu.

Betri ya maji ni mvumilivu zaidi. Ukiizidishia chaji hupoteza maji, na wewe unayarudisha. Pia hukuruhusu kuijua hali yake seli kwa seli. Haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, husoma 1.265 katika betri iliyojaa, au 1.240 kwa nyingi za mirija. Kwa ile ya 1.265, nusu ni karibu 1.190. Seli moja ikiwa chini ya wenzake kwa 0.030, ipe chaji ya kusawazisha. Ikiendelea kupishana kwa 0.050, seli hiyo inakwenda. Pima kabla ya kuongeza maji, si baada, kwa kuwa maji mapya hukaa juu na kukudanganya.

Maji yenyewe yawe yaliyotoneshwa, ya chupa, basi. Maji ya kisima huku hupita kwenye jiwe la matumbawe na hubeba chokaa, na visima vya karibu na pwani hubeba chumvi pia. Vyote viwili huharibu mabamba. Soma lebo kwa makini, kwa sababu asidi ya kujazia betri mpya nayo huuzwa kwenye chupa na hufanana. Asidi haiongezwi kwenye betri inayotumika, kwani kinachopungua ni maji. Jaza baada ya chaji kukamilika, hadi kwenye alama ya juu, kwa sababu chaji hutanua maji na yatafurika. Bamba likiwa limeonekana kavu kabla ya chaji, lifunike kidogo tu, kisha chaji.

Kwa matumizi ya kawaida, chukua taa tano za wati 9, feni ya wati 60, televisheni ya wati 60 na ruta ya wati 10. Hiyo ni wati 175, na pamoja na upotevu wa inveta, kama 200. Betri ya Ah 200 kwa volti 12 ina Wh (wati-saa) 2400, na ukitumia nusu tu unapata saa 6 ikiwa mpya, au chini ya 5 ikiwa imebaki na asilimia 80 ya nguvu zake. Mgao wa jioni utavuka. Kiza cha Mei na Juni 2008, au kile cha Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja, hakivukwi kwa betri bila sola au jenereta. Betri isikae bila chaji hata siku chache; salfeti hugandamana kwenye mabamba na haitoki yote.

Inveta ya wati 1000 huvuta karibu ampea 100 kwenye volti 12. Weka fyuzi ya ampea 125 ndani ya sentimita 20 kutoka kichwa cha chanya, na kebo ya milimita 35 za mraba isiyozidi mita moja na nusu. Aina zote mbili hutoa maelfu ya ampea spana ikigusa vichwa viwili, kwa hiyo vua pete na saa, funga mpini wa spana kwa tepu, na ukifungua anza na hasi baada ya kuzima chaja. Vichwa vipakwe vaselini. Upepo wa bahari Paje na Nungwi huvila upesi. Asidi ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi dakika 15 mfululizo, kisha hospitali.

Kwa mzigo wa kuvuka kwenda Pemba, betri kavu ina nafuu: haimwagiki. Ya maji isafiri wima, imefungwa, na pasipofikiwa na maji ya bahari. Maji ya chumvi yakiingia kwenye seli hutoa gesi ya klorini.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji multimita. Betri kavu iliyokaa vizuri dukani husoma 12.7 hadi 12.9, ya maji 12.6 au 12.7. Tazama tarehe iliyogongwa, gusa ubavu uone kama umenyooka, na ikisoma chini ya 12.5, atoe nyingine.