Kisanduku cha dawa chenye kengele: nyota tatu kati ya tano

Nilikinunua kwa ajili ya mwanangu, mtu mzima wa miaka 26, anayetibiwa skizofrenia, ugonjwa wa akili, kwa vidonge vya klozapini. Kina vyumba 14, yaani asubuhi na jioni kwa wiki nzima, kengele, na kitaa kinachowaka penye chumba cha zamu hiyo.

Nianze na sababu ya kukipenda. Zamani mazungumzo yetu karibu yote yalikuwa swali moja: "Umekunywa dawa?" Nikiuliza, ananuna. Nisipouliza, silali. Sasa kisanduku kinakaa sebuleni, vifuniko vyake vinaonyesha ndani, nami napita hapo nikijifanya natafuta miwani. Nikikuta chumba kitupu, tunaongea mpira. Anayekijaza ni yeye mwenyewe, Jumapili jioni. Mimi nakaa kando. Tulipatana hivyo kabla hata sijatoa hela: "Baba, ukikijaza wewe, mimi sikigusi." Dawa ni zake na mwili ni wake, nikakubali.

Kwa klozapini jambo hili lina uzito ambao wengi hawaambiwi mapema. Mgonjwa akikaa zaidi ya saa 48 bila dawa, haruhusiwi kurudia kiwango alichozoea. Daktari humwanzisha upya kutoka chini, miligramu 12.5, kisha hupandisha taratibu, maana kurudi ghafla kwenye dozi kubwa kunaweza kushusha presha mpaka mtu azimie. Hivyo siku akisahau, ninachotaka kujua ni amesahau tangu lini. Vyumba vinajibu bila ubishi, na muuguzi akiuliza kwa simu tunasoma tu majina ya siku.

Kengele sasa. Inapiga kelele kama gari linaloibiwa, na haina pa kupunguzia sauti! Kijana ameteswa na sauti za kichwani, anazozisikia yeye peke yake, miaka kadhaa, halafu saa tatu usiku chombo cha kumsaidia kinamfokea. Aliyebuni hii hajawahi kuishi na mgonjwa. Mimi ni fundi wa redio, kwa hiyo nilifungua skrubu nikabandika utepe mzito juu ya spika, na sasa inalia kwa adabu. Lakini mnunuzi asiye fundi afanyeje? Nyota moja imeondoka hapo.

Nyingine imeondoka kwa sababu ya vifuniko. Vinafunguka kwa kidole cha mtoto mdogo. Penye watoto, kiwekwe juu. Na kama daktari ana wasiwasi kwamba mgonjwa anaweza kujidhuru, dawa za akiba zifungiwe mbali, na muulizeni kama hata za wiki moja zinafaa kukaa wazi namna hii.

Karatasi ya maelekezo haisemi pia kwamba si kila kidonge kinafaa kutolewa kwenye pakiti yake. Sodiamu valproeti hunyonya unyevu, na vidonge vya olanzapini vinavyoyeyuka mdomoni ni hivyohivyo. Hukaa kwenye pakiti hadi wakati wa kumeza. Mwonyesheni mfamasia orodha nzima kabla ya kuanza kujaza.

Chumba kitupu hakithibitishi kwamba dawa imemezwa. Mwanangu anakubali kwamba anaumwa, ndiyo maana kinatufaa. Kama wako haamini kabisa kuwa ni mgonjwa, msitupe pesa hapa. Zungumzeni na daktari kuhusu sindano za muda mrefu, zinazochomwa kila baada ya wiki mbili, mwezi, na nyingine miezi mitatu. Klozapini haina sindano ya aina hiyo, ndiyo maana sisi tumebaki na vidonge.

Kuna mengine hakiwezi kuyabeba. Damu lazima ipimwe kila wiki miezi ya mwanzo, baadaye kwa nafasi zaidi, kwa kuwa dawa hii inaweza kuangusha chembe nyeupe. Halafu kuna choo. Klozapini hufunga tumbo, na kufunga huko kumewahi kuua watu, kwa hiyo hilo bado namuuliza kwa mdomo. Ananicheka, lakini anajibu.

Betri haziji nacho. Wanauza pia cha namna hiihii kisicho na kengele, na mwanangu anasema tungechukua hicho.