Mrija wa Pruitt F3: mzuri, ila unataka mkono mwepesi

Ateri ya karotidi, mshipa wa shingoni unaopeleka damu ubongoni, ikibanwa ili isafishwe mafuta yaliyoganda, ubongo wa upande ule hutegemea njia za pembeni. Presha ya damu inayorudi kutoka kichwani ikiwa chini ya 40 mmHg, wapasuaji wengi huweka mrija wa kupitishia damu. Pruitt F3 wa kampuni ya LeMaitre tunaupenda kwa kuwa hushikiliwa na viputo viwili, si vibanio: cha karotidi ya ndani (tawi liendalo ubongoni) hujazwa saline, yaani maji ya chumvi, isiyozidi 0.25 ml, cha karotidi kuu (shina litokalo upande wa moyo) 1.5 ml. Ukizidisha, kiputo huchana utando laini wa ndani na damu huganda hapo. Hewa usiijaze kamwe. Kiputo kikipasuka, itakimbilia ubongoni.

Uzuri wa mrija huu hasa ni tawi lake la pembeni. Anza na karotidi ya ndani, acha damu irudi na kutokea tawini mpaka mapovu na chembe ziishe, ndipo uingize upande wa karotidi kuu na kumwaga tena kabla ya kuruhusu damu kupita. Hapa, jamani, msiharakishe. Kasoro: viputo hutoboka vikikwaruzwa na mafuta yaliyogeuka chokaa, tena ni vya lateksi (mpira wa asili), kwa hiyo mgonjwa aulizwe mapema kuhusu mzio.