Sensa ya ABS: ya kununua kwanza, na ya kuiacha dukani

Sensa ya ABS ni kifaa cha kwenye gurudumu kinachoiambia kompyuta ya gari mwendo wa gurudumu hilo, ili lisijifunge ukikanyaga breki. Ya bei ya chini kuliko zote nilizowahi kununua ilifanya kazi vizuri kabisa, ilimradi nisikate kona. Kwenye barabara iliyonyooka, kimya. Nikipinda usukani mpaka mwisho ili niegeshe gari, taa ya njano ya ABS inawaka, na ile ya kuonya utelezi inaifuata. Nilifungua gurudumu mara tatu kabla ya kuliona kosa: waya wake ulikuwa mfupi kuliko ule wa zamani kwa vidole vitatu. Gurudumu likigeuka, waya unakazika kama kamba ya mbuzi anayegoma kwenda, na plagi inalegea kidogo tu, kiasi cha kupoteza mawasiliano.

Tangu hapo, nikinunua sensa ya gurudumu naanza kuangalia waya; kichwa, ile ncha inayoingia tunduni, baadaye. Ndani ya kichwa hakuna kitu kinachosogea wala kulika. Kinachoiua mara nyingi ni waya uliopindwa maelfu ya mara, maji yaliyoingia kwenye plagi, au kutu iliyoisukuma kutoka kwenye tundu lake. Orodha hii nimeipanga kwa kigezo hicho.

Lakini kwanza, una uhakika ni sensa? Kodi, yaani namba ya hitilafu kutoka kompyuta ya gari, inayosema sensa ya mbele kushoto, mfano C0035, maana yake ni kwamba kompyuta haipati habari nzuri kutoka upande huo. Haijasema sensa imekufa. Na kumbuka, vile visomaji vidogo vya kuchomeka chini ya dashibodi vingi husoma kodi za injini peke yake; ukitafuta cha kununua, hakikisha kinasoma ABS na kinaonyesha mwendo wa kila gurudumu gari likiwa linatembea. Endesha polepole mahali paliponyooka huku mwenzio akiangalia namba. Magurudumu matatu yakisoma 20 na moja likisoma sifuri, umepata pa kuanzia. Likisoma 20, kisha 3, kisha 20, chungulia kwanza pete ya meno, ile inayozunguka na gurudumu mbele ya sensa: huenda imepasuka au ina jino lililojaa uchafu. Sensa mpya haitaiponya pete.

Kuna dalili moja inayowachanganya wengi. Unasimama taratibu, mwendo umeshashuka karibu na kusimama, na ghafla pedali inatetemeka chini ya mguu kama vile uko kwenye utelezi. Taa haijawaka. Hapo mara nyingi kutu imeota chini ya sensa na kuinyanyua. Nafasi kati yake na pete ya meno imeongezeka, na ishara inapotea mapema gurudumu linapopunguza kasi. Ukisafisha tundu vizuri huenda usihitaji kununua chochote.

Sasa aina. Magari ya zamani hutumia sensa ya koili: sumaku iliyozungushiwa waya, inayozalisha umeme wake yenyewe meno yanapopita mbele yake. Hiyo unaweza kuipima kwa mita. Nyingi husoma kati ya omu 800 na 2,500 hivi. Magari ya karibuni hutumia sensa ya chipu, inayolishwa umeme na kompyuta, na yenye uwezo wa kusoma mwendo mdogo sana. Hii usiipime kwa omu, unaweza kuichoma. Zote mbili mara nyingi zina nyaya mbili na kwa macho hufanana, lakini moja haikai mahali pa nyingine hata kama plagi inaingia. Kwa hiyo tafuta kwa namba ya chasisi, au bora zaidi kwa namba iliyochapwa kwenye sensa ya zamani. Muundo na mwaka peke yake havitoshi, na kushoto na kulia mara nyingi ni vitu viwili tofauti.

Ya kwanza: ya kiwanda kilekile, kwenye boksi lake lenyewe

Kampuni za magari kwa kawaida hazitengenezi sensa. Huzinunua kwa Bosch, ATE (jina lililokuwa la Continental), Denso, Aisin na wengine wa kundi hilo. Bosch wako kwenye kazi hii tangu ABS yao ilipoingia kwenye Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978. Sensa hiyohiyo huuzwa pia kwenye boksi la kiwanda kilichoitengeneza, na kwa kawaida bei yake iko chini ya ile yenye nembo ya gari. Fungua ya zamani, ifute matope, soma kichwani au pembeni mwa plagi. Jina la mtengenezaji huwa lipo. Ukiletewa mpya yenye alama iliyokwanguliwa mahali nembo ya gari ilipokuwa, usishtuke, hilo ni jambo la kawaida.

Hii ndiyo ninayonunua. Urefu wa waya ni uleule, vishikizo vya mpira viko mahali palepale, na plagi inalia "tak" inapofunga.

Ya pili: yenye nembo ya gari

Kwa ubora ni sawa na ya kwanza, ila boksi nalo unalilipia. Kuna wakati inastahili: gari lisilo la kawaida, sensa ambayo waya wake umeungana na waya wa kuonya breki kuisha, au pale ambapo za kuiga zimejaa kiasi kwamba hujui uamini boksi gani. Za kuiga zinapenda majina makubwa. Maandishi yaliyofifia, waya mgumu kama wa redio ya zamani, bei isiyoeleweka: rudisha.

Ya tatu: jina linalojulikana kwenye spea, ingawa si la kiwandani

Hella, NTK, Delphi na wa aina yao. Nyingi ni nzuri. Hapa ndipo unapaswa kuzitandaza mbili juu ya meza, mpya na ya zamani, ukaanzia kwenye kichwa mpaka plagi. Urefu sawa? Vishikizo idadi ileile na umbali uleule? Tundu la bolti lina bushi ya chuma ndani, au ni plastiki tupu itakayopasuka ukikaza? Kichwa kinatoka urefu uleule chini ya sikio la bolti? Milimita moja hapo inatosha kuigusisha sensa kwenye meno, au kuiweka mbali nayo. Kama duka haliruhusu kurudisha kitu cha umeme, pima kabla hujalipa.

Pale usipokuwa na chaguo: habu nzima

Kwenye magari mengine sensa imejengwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, pamoja na beringi. Na hata inapouzwa peke yake, kama beringi inavuma, badilisha beringi kwanza, maana gurudumu linalocheza hucheza na nafasi ya sensa pia. Hapa usikimbilie rahisi: SKF, FAG, NSK, Timken, Koyo. Beringi nyingi za sasa hazina pete ya meno inayoonekana. Sumaku zimo kwenye sili ya upande mmoja. Fundi akiigonga beringi kinyume, gurudumu linazunguka safi na sensa haioni kitu. Klipu ya karatasi hukusaidia: upande wenye sumaku utaivuta kidogo, na upande huo ndio unaoielekea sensa.

Ya mtumba

Ya nyuma, kutoka gari lisilo na kutu, naweza kuikubali kama dharura. Ya mbele, hapana. Waya wake umeshageuka na usukani miaka yote hiyo, na wewe unanunua miaka iliyobaki bila kujua ni mingapi.

Ya mwisho: isiyo na jina, hasa nne kwa pamoja

Seti ya magurudumu yote manne kwa bei ya moja inavutia macho. Lakini gari lako limeharibika sensa moja. Tatu nzima unazitoa ili uweke tatu za kubahatisha. Ile ya kona zangu ilitoka kwenye seti kama hiyo. Nyingine tatu ziko kwenye droo mpaka leo.

Kuhusu kuifunga, kazi yenyewe ni fupi, kutu ndiyo ndefu. Weka gari kwenye stendi, si jeki peke yake. Bolti ni moja, mara nyingi ya spana 10 au ya nyota. Pulizia mafuta ya kulegeza usiku wa kuamkia kazi, kisha izungushe sensa kushoto na kulia kabla ya kuivuta. Ukiivuta kwa hasira kichwa kinakatika na nusu inabaki tunduni. Usitwange iliyobaki kwenda ndani, kuna pete au beringi huko. Sugua tundu na uso inapolalia mpaka chuma kionekane, paka grisi ya silikoni ubavuni lakini si kwenye ncha, na bolti uikaze kwa mkono wa kiasi; nyingi hazizidi nyutoni-mita 10.

Waya uufuate njia ileile, kila kishikizo mahali pake. Usiukate na kuunga sehemu inayopinda, hata kama ukiunga unaokoa safari ya dukani. Kisha, kabla ya kurudisha gurudumu, geuza usukani mpaka mwisho kushoto, halafu mpaka mwisho kulia, ukiangalia waya unavyokaa. Futa kodi, ondoka taratibu. Taa isipozimika pale ulipoegesha usifungue tena. Baadhi ya magari huizima baada ya magurudumu kuzunguka kidogo na kompyuta kuona yote manne yanasema kitu kimoja.