Pedi za breki kwa gari la misuli: zipi zinunuliwe kwanza, zipi ziachwe dukani

Mwenye Mustang GT, Camaro SS au Challenger huanza kutumia pesa kwenye ekzosi, filta ya hewa na programu ya injini. Breki hukumbukwa siku pedali inapozama kwenye mteremko. Huo ni mpangilio wa hatari, na hesabu yake ni fupi: gari la kilo 1,700 likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya takriban kilojuli 656. Lifikishe 200 na nishati hiyo haiwi mara mbili bali mara nne, kilojuli 2,620 hivi. Ukikanyaga breki, karibu yote hugeuka joto kwenye diski na pedi. Challenger Hellcat yenye nguvu za farasi 707 ina uzito wa karibu tani mbili, kwa hiyo hali yake ni ngumu zaidi.

Kwanza jua breki zako zinashindwa vipi

Kuna kushindwa kwa aina mbili, na watu wengi hununua dawa ya ugonjwa ambao gari halina.

Ya kwanza: pedali ni ngumu chini ya mguu, unakanyaga kwa nguvu zote, lakini gari halipungui mwendo inavyotakiwa. Hapo pedi zimepita joto zinaloliweza. Gundi inayoshikilia mchanganyiko wake imeanza kutoa gesi, na pedi inateleza juu ya diski. Dawa yake ni pedi za daraja la juu.

Ya pili: pedali inalegea, inazama, na ukiipampu mara mbili tatu inarudi kidogo. Hayo ni mafuta ya breki yaliyochemka. Mvuke unabanika na mafuta hayabaniki, ndiyo maana mguu unashuka bila kazi kufanyika. Pedi za bei yoyote ile hazitatibu jambo hili.

Kisha jua kalipa uliyo nayo

Kalipa ni kifaa kinachobana pedi kwenye diski, na jina la gari halitoshi kuijua. Mustang za 2015 hadi 2017 peke yake zilitoka na breki za mbele za aina tatu, ukiacha za Shelby: diski ya milimita 320 yenye kalipa inayoteleza ya pistoni mbili, diski ya milimita 352 yenye pistoni nne, na ya milimita 380 yenye kalipa za kampuni ya Brembo za pistoni sita. Pedi za moja haziingii kwenye nyingine. Kwenye Camaro, SS ina Brembo za pistoni nne mbele, ZL1 ina sita. Ondoa tairi, hesabu pistoni, pima diski, kisha agiza. Bati la nyuma la pedi mara nyingi huwa na namba ya umbo inayoanza na herufi D. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na ya dukani.

Nafasi ya 1: pedi za nusu chuma za barabarani, daraja la utendaji

Kwa gari linaloenda kazini siku tano na kupanda milima siku ya sita, hizi ndizo za kununua. Unga na nyuzi za chuma ndani yake huvumilia joto ambalo seramiki ya kawaida hailiwezi, na asubuhi zikiwa baridi bado hushika kwa mguso wa kwanza. Gharama yake ni vumbi jeusi kwenye rimu na mlio mdogo wa hapa na pale. Ukiweza kuosha rimu kila wiki, usisite.

Nafasi ya 2: pedi za kiwandani za kalipa yako

Usizidharau. Wahandisi wa gari walizipima pamoja na ABS yake (mfumo unaozuia breki kufunga magurudumu kabisa), uzito wake na breki zake za nyuma. Kwa anayeendesha mjini na barabara kuu bila fujo, zinatosha kabisa. Zinashika nafasi ya pili kwa sababu tu hazina akiba kubwa ya joto gari likiongezwa nguvu.

Nafasi ya 3: seramiki

Safi, kimya, hazichafui rimu. Zinafaa gari la maonyesho au la safari za taratibu. Zinapolemewa na joto hupaka diski utando usio sawa, na usukani huanza kutetemeka ukifunga breki. Wengi hudhani diski imepinda, kumbe mara nyingi ni mabaka ya pedi yaliyoganda juu yake.

Nafasi ya 4: pedi za uwanja wa mashindano

Ni nzuri mahali pake. Barabarani ni kosa. Zikiwa baridi hushika kwa udhaifu, na kusimama kwa dharura kwenye makutano ya kwanza baada ya kutoka nyumbani ndiko kunakohitaji mshiko wa baridi. Pia hukwangua diski kabla hazijapata moto, na vumbi lake likilowa huuma rangi ya rimu. Zifunge uwanjani, zifungue kabla ya kurudi.

Nafasi ya 5: pedi za ogani (za nyuzi na gundi, si za chuma) za bei ya chini

Gari dogo linaweza kuishi nazo. Gari la tani 1.7 lenye farasi 460 haliwezi. Ziache.

Pembeni mwa pedi nyingi kuna herufi mbili zilizochapwa, kama EE, FF au GG. Ya kwanza inaeleza mshiko wa kawaida, ya pili mshiko wa moto. E ni kipimo cha msuguano kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Ukiona FE, maana yake pedi hupoteza mshiko inapopata moto: irudishe. Tafuta FF kwenda juu. Herufi hizi hazisemi lolote kuhusu joto la uwanjani, kwa hiyo zitumie kukataa pedi mbaya, si kuchagua bingwa.

Nunua za mbele na za nyuma kwa pamoja, familia moja. Pedi kali mbele na dhaifu nyuma huharibu uwiano wa breki. Wala usishangae za nyuma zikiisha mapema: mfumo wa kuzuia magurudumu kuzunguka bila kushika barabara hufunga breki za nyuma wenyewe, na kwenye gari lenye nguvu hii hufanya kazi kila ukikanyaga mafuta kwa pupa.

Mafuta ya breki, na diski kwa ufupi

Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Fuata aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tanki la mafuta ya breki, na yabadilishe yote kila baada ya miaka miwili. Chupa iliyokaa wazi rafuni mwezi mzima imeshanyonya unyevu, usiitumie. DOT 5 ya silikoni isiguse gari hili kabisa. Haichanganyiki na nyingine na haifai kwa ABS.

Diski nunua za kawaida, zisizo na matobo. Zenye matobo hupasuka kuanzia kwenye matobo hayo zikipata joto kali. Zenye mifereji hula pedi haraka.

Kufunga

Weka gari kwenye stendi, kamwe usilitegemee jeki peke yake. Nyonya mafuta kidogo kutoka kwenye tanki kwa sirinji kabla ya kurudisha pistoni, la sivyo yatafurika na kubabua rangi. Kwenye kalipa yenye pistoni pande zote mbili, badilisha pedi moja kwa wakati: ukisukuma pistoni za upande mmoja wakati upande wa pili uko wazi, za pili zitachomoka. Kalipa za nyuma za Mustang GT ya 2015 hadi 2023 hazisukumwi kwa jiriwa. Pistoni yake huzungushwa kwenda kulia huku ikibanwa, na ukilazimisha unaua utaratibu wa handibreki. Gari lenye handibreki ya umeme liwekwe kwanza katika hali ya matengenezo.

Ukiondoa diski, sugua uso wa habu (kitovu ambacho diski hukaa juu yake) kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Chembe ya kutu yenye unene wa karatasi chini ya diski hutosha kuleta mtetemo. Grisi ya breki ipakwe nyembamba nyuma ya bati na pale masikio ya pedi yanapoteleza. Pedi iliyoguswa na grisi usoni itupwe. Nati za tairi kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kwa mpangilio wa nyota: Mustang ya 2015 kwenda mbele ni Nm 204, Camaro ya kizazi cha sita ni Nm 190. Kabla ya kuwasha injini, pampu pedali mpaka iwe ngumu. Mkanyago wa kwanza baada ya kufunga pedi hufika sakafuni, na magari mengi yamegonga ukuta wa gereji kwa kusahau hilo.

Kuzilainisha pedi mpya

Tafuta barabara tupu. Punguza mwendo kutoka kilomita 100 hadi 15 kwa saa, kwa nguvu lakini bila kuamsha ABS, mara nane hadi kumi mfululizo. Usisimame kabisa. Harufu ya kuungua na moshi kidogo ni kawaida. Baada ya hapo endesha kilomita 10 hadi 15 ukigusa breki kwa nadra ili zipoe. Ukisimama na kushikilia pedali diski zikiwa moto, pedi itachora umbo lake juu ya diski, na mtetemo utaanza siku hiyo hiyo.

Baada ya kilomita 5,000 fungua tairi upime unene. Zikifika milimita 3, zibadilishwe. Kwenye kalipa zinazoteleza, linganisha pedi ya ndani na ya nje: ya ndani ikiwa nyembamba zaidi kwa milimita 2 au zaidi, pini za kuteleza zimekwama. Zichomoe, zifute, zipake grisi ya silikoni, na kama raba zake zimechanika weka mpya kabla hujanunua pedi nyingine.