TAHADHARI: Huyu anayeuza vibali vya kazi vya Zambia pale Tunduma ni tapeli, msimpe hela

Wadau wa Mbeya, Songwe na wote mnaopitia Tunduma, kuna jamaa na genge lake wanawaambia vijana kwamba watawatolea kibali cha kazi cha Zambia palepale mpakani siku hiyohiyo, unalipa asubuhi mchana umeshavuka unaenda kuanza kazi Copperbelt, kule kwenye migodi ya shaba. Ni uongo mtupu. Mtoto wa dada yangu kapigwa laki nne na nusu, hela ya mpunga wa mama yake, na ukiangalia vizuri hawa watu wanakuja sana kipindi hiki watu wametoka kuvuna, wanajua hela ipo ndani.

Wanaanzia WhatsApp. Tangazo linasema wanatafutwa welda, madereva na wapishi wa kambi ya mgodi, chakula na malazi bure. Ukipiga simu anapokea mdada mpole sana anakuita kaka, anakwambia nafasi zimebaki chache, tuma elfu hamsini ya fomu. Ukishatuma inakuja ya kipimo cha afya, halafu ya bima, kubwa yao ya kibali unaambiwa uje nayo mkononi Tunduma. Na lipa namba waliyompa dogo ilitoa jina la duka la vinywaji! Akauliza, akajibiwa eti ndo akaunti ya mhasibu. Mhasibu wa mgodi anauza soda?

Tunduma anakupokea jamaa kavaa refleksa na kitambulisho kinaning'inia shingoni, anasalimiana na kila dereva wa lori kwa hiyo unamuona ni mtu wa pale. Tangu 2019 kile kituo cha mpakani ni cha pamoja, maafisa wa Tanzania na wa Zambia wanakaa jengo moja, ukienda Zambia unagongewa kutoka na kuingia upande wa Nakonde sehemu moja. Kwa wasafiri ni nafuu kubwa, ila na vishoka wamepata pa kujifichia maana kwenye watu wengi vile nani atajua huyu ni afisa, huyu ajenti wa forodha na huyu ni mwizi tu.

Sasa sikilizeni hapa. Baada ya kumpa ile karatasi jamaa akamwambia dogo "ukifika dirishani wakikuuliza sema unaenda kumtembelea ndugu, kibali usikitoe, watakuzungusha". Aisee, mtu mwenye kibali halali anakificha ili iweje? Dogo akapanga foleni mwenyewe akagongewa muhuri, na ule muhuri ni halali kabisa, ndo maana wengi wanaamini, lakini ni wa mgeni anayetembea.

Karatasi yenyewe ninayo hapa mezani. Imelaminetiwa kama kitambulisho cha shule, yule tai wa nembo ya Zambia amefifia mpaka anafanana na kuku, muhuri umepita CHINI ya picha, maana yake walichapa muhuri kwanza ndo wakaja kubandika picha kwa gundi. Na sehemu ya mwajiri ni tupu, hakuna jina. Nikamuuliza, sasa hiki ni kibali cha kumfanyia kazi nani? Ananijibu "mjomba si kina muhuri lakini". Alifika Ndola, simu zote hazipatikani, hiyo kambi hakuna anayeijua, akarudi kwa lifti za malori akilala njaa. Bora hata hakukamatwa.

Utaratibu wa kweli ni kwamba kibali cha ajira cha Zambia kinaombwa na mwajiri aliyekupa kazi, anaombea Idara ya Uhamiaji ya kwao, siku hizi wana mfumo mtandaoni, na wewe unatakiwa usubiri ukiwa nje ya Zambia mpaka kitoke. Hakuna dirisha la kununua kibali Nakonde wala Tunduma. Halafu wanapenda kuwaambia vijana kwamba sisi na wao wote SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika) kwa hiyo kazi ni ruksa. SADC ni kweli wote tumo, na kwenda kutembea Mtanzania haombi viza, lakini kufanya kazi bila kibali kule ni kosa, unakamatwa na kurudishwa. Na Zambia haimo Jumuiya ya Afrika Mashariki, msije mkachanganya.

Kwa upande wetu, mtu anayepeleka watu kazini nje lazima awe wakala aliyesajiliwa serikalini, na kuna TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, waulizeni wao kabla hamjatoa hata mia. Akikwambia "ofisi ipo Dar, huku nawakilisha tu" achana naye. Na pasipoti usimwachie, huyu alitaka abaki nayo "kwa usalama", dogo akagoma, hapo tu ndo nampongeza. Kutafuta pasipoti nyingine ni hela zingine na mizunguko juu.

Namba zao tumeshazituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, ila wanabadilisha laini kila siku kwa hiyo msikariri namba, kariri mchezo wenyewe. Kama umeshatuma hela usifute meseji zao wala za muamala. Tumeshafungua jalada polisi na wametuambia wakipatikana walalamikaji wengi wenye ushahidi wa miamala inakuwa rahisi kumfuatilia mwenye ile lipa namba. Jumatatu asubuhi tunarudi kituo cha polisi Tunduma, ambaye kapigwa na hawa hawa anitafute inbox leo au kesho twende pamoja, njoo na simu uliyotumia kulipa.