Nilisema shafti, wakashusha ekseli nzima

Hasira haijaniisha, mnivumilie. Majuzi lori langu lilikwama na mzigo mgongoni. Ukitia gia na kuachia klachi, propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu ya injini nyuma, inazunguka, ndani ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, kitu kinakwaruza, magurudumu ya nyuma yametulia tu. Dereva yeyote wa malori hapo anajua hafu shafti imekatika, yaani chuma kinachotoka kwenye difu kuzungusha gurudumu la upande mmoja. Gereji nikawaambia wazi: "Shafti ya ekseli imekatika, upande wa kushoto." Msimamizi akaandika neno moja: ekseli.

Narudi baada ya siku kadhaa, nakuta yuboti, boliti zinazofunga ekseli kwenye springi, zimefunguliwa, magurudumu yote ya nyuma yako nje, oili ya difu imemwagwa na ekseli nzima, bomba lote la chuma lenye difu na shafti ndani, imelazwa juu ya magogo. Kwa shafti! Kwenye lori kama langu uzito wote unabebwa na hapu, kitovu cha gurudumu, na beringi zake, shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Unafungua nati za flanji, kile kichwa bapa cha shafti, pale katikati ya hapu, unaivuta, inatoka bila kuondoa tairi hata moja. Kinachosumbua ni kipande kinachobaki ndani, maana chembe za chuma zikiachwa humo zitatafuna meno ya krauni, gia kubwa ya difu.

Nilipomuuliza msimamizi, hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Mzee, wewe ulisema ekseli. Ekseli si hiyo hapo?" Nikaiokota shafti yenyewe, imejisokota kama kamba pale ilipokatikia, nikamwekea mezani. Akasema, "Basi ungesema hafu shafti." Mbele ya mafundi wake!

Kila gereji ina majina yake. Wapo wanaoita mkusanyiko wote ule difu, wapo wanaouita ekseli, na wapo ambao ekseli kwao ni shafti peke yake. Yeye anayajua hayo kuliko mimi. Angeinuka tu twende uvunguni, aguse chuma aulize "hiki?", tungemalizana palepale.

Fundi aliyefanya kazi simlaumu, alifuata karatasi. Tena niseme kweli, kijana yule ana mkono. Alinionyesha plagi ya oili, sumaku yake imejaa unga wa chuma, akaosha difu mpaka ikatakata. Akagundua sili ya hapu, ile ya kuzuia oili isitoke, imeanza kuvuja na oili inanyemelea brekishuu, akaibadilisha. Bila ekseli kushushwa huenda asingeiona, na breki zilizolowa oili kwenye mteremko ni kifo. Sasa lori linavuta vizuri, difu kimya. Nilikuwa karibu kuwasifu.

Halafu bili ikaja: kushusha ekseli, kupandisha ekseli, vyote juu yangu. Hapana! Sili na shafti nimelipa bila ubishi. Hayo mengine nimekataa, na msimamizi mpaka leo hajatamka samahani. Fundi yule akihamia gereji nyingine, nitamfuata hukohuko.