Tathmini ya mafunzo ya timu zinazojiongoza: waliohitajika ukumbini hawakuwepo

Mafunzo ninayoyatathmini hapa hutolewa kwa siku mbili mfululizo jijini Dar es Salaam, na tangazo lake linaahidi kwamba mshiriki ataondoka akiwa na uwezo wa kujenga timu ya watengeneza programu inayojiongoza yenyewe kwa kufuata utaratibu wa Skramu (Scrum), yaani kupanga kazi kwa mizunguko mifupi huku timu ikiamua yenyewe namna ya kuifanya. Kampuni inayoyaendesha sitaitaja, kwa kuwa mengi nitakayoyasema yanahusu mafunzo ya aina hii popote yanapotolewa, na anayefikiria kuyalipia atafaidika zaidi akijua cha kuuliza kabla ya kutoa fedha. Ada si ndogo: kwa kiasi hicho mtu hupata kompyuta mpakato ya mtumba iliyo katika hali nzuri, na mtihani wa cheti haumo ndani yake.

Kuhusu ukumbi na huduma sina malalamiko. Kiyoyozi kilifanya kazi, intaneti haikukatika, chai ya saa nne ilikuja na vitumbua vya moto, na chakula cha mchana hakikula muda wa somo.

Asubuhi ya kwanza ilitumika kueleza historia, tangu watu 17 walipokutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, Februari 2001 na kuandika Ilani ya Ajaili (Agile), tamko la kutengeneza programu kwa hatua ndogondogo zinazokubali mabadiliko, hadi mwongozo wa Skramu wa waasisi wake, Ken Schwaber na Jeff Sutherland, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2010. Ilisimuliwa kana kwamba wazo la timu kujiongoza lilizaliwa kule milimani, na hapo ndipo nilipoona upungufu wa kwanza. Mwaka 1986 wasomi wa Kijapani Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka walikwisha kueleza, katika jarida la Harvard Business Review, jinsi kampuni kama Honda, Canon na Fuji-Xerox zilivyozipa timu lengo na kuziachia njia ya kulifikia. Nyuma zaidi, mwaka 1951, watafiti Eric Trist na Ken Bamforth waliandika kuhusu wachimba makaa ya mawe wa Uingereza ambao zamani walifanya kazi katika vikundi vidogo vilivyochaguana vyenyewe na kuubeba mzunguko mzima wa uchimbaji, mpaka mitambo mipya ilipokuja na vikundi hivyo vikavunjwa, kazi ikakatwa vipande na kila zamu ikapewa kipande chake, na kilichofuata kikawa utoro, zamu moja kuilaumu nyingine, na uzalishaji usiofikia uliotarajiwa. Mkufunzi angetumia dakika kumi tu kwa mgodi huo, kila mshiriki angeiona ofisi yake humo: mchambuzi anaandika mahitaji na kuondoka, mtengeneza programu anaandika msimbo na kuusukuma mbele, mjaribuji anakuta hitilafu siku mbili kabla ya tarehe iliyoahidiwa, na mtu wa seva ndiye anayeamshwa usiku.

Slaidi nazo zimepitwa na wakati mahali panapoumiza. Bado zinasema timu iwe na watengenezaji 3 hadi 9, na kwamba katika kikao cha kila siku cha dakika 15 kila mtu ajibu maswali matatu: jana alifanya nini, leo atafanya nini, na nini kinamkwamisha. Toleo la mwongozo la mwaka 2020 liliyaondoa maswali hayo, likaihesabu timu nzima kuwa kwa kawaida ni watu 10 au pungufu, mmiliki wa bidhaa, yaani anayeamua kazi ipi itangulie, akiwa mmoja wao, na likatamka kwamba timu ndiyo huamua ndani yake nani afanye nini, lini na kwa njia gani. Hayo si marekebisho ya kupamba. Maswali matatu, yakiulizwa mbele ya mkuu wa idara, hugeuka kuwa kutoa ripoti, na kila aliyesimama humtazama mkuu badala ya kumtazama mwenzake ambaye kazi zao zinategemeana.

Kilichoiokoa siku ya kwanza ni zoezi la ndege za karatasi. Kila meza ilipaswa kukunja ndege nyingi kadiri iwezekanavyo, kila mtu akiruhusiwa mkunjo mmoja tu kabla ya kumpa aliye jirani, na katika raundi ya kwanza meza iliteuliwa meneja wa kukagua kila ndege kabla haijarushwa. Kwetu ndege zilirundikana mbele ya meneja huku wengine watano tumekaa mikono mitupu. Raundi ya pili cheo hicho kilifutwa na meza zikaachiwa zijipange zenyewe. Meza ya jirani ilikuwa na mkuu halisi wa kitengo cha teknolojia katika kampuni ya bima, pamoja na kijana wa ofisini kwake. Ingawa umeneja ulikwisha kufutwa, kijana aliendelea kumpelekea kila ndege, na mkuu aliendelea kuipokea, kuinyoosha mabawa na kuirudisha. Mkufunzi aliona, akanyamaza mpaka muda ulipokwisha, kisha akamuuliza kijana kwa nini alikuwa akipeleka. Akajibu, “Si mkuu yuko hapa?” Ukumbi ulicheka, mkuu mwenyewe akicheka zaidi, na nadhani hakuna slaidi ambayo ingefundisha jambo hilo vizuri kuliko hivyo.

Siku ya pili ilikuwa na saa moja na nusu inayostahili kulipiwa peke yake. Mkufunzi alibandika karatasi kubwa ukutani, akaeleza mgawanyo wa mamlaka uliopendekezwa na J. Richard Hackman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza timu. Kuna majukumu manne: kuifanya kazi yenyewe, kufuatilia na kusimamia mwenendo wa kazi hiyo, kuiunda timu na mazingira yake, na kuweka dira. Timu inayoongozwa na meneja hushika la kwanza tu. Inayojiongoza hushika mawili ya kwanza. Ikiongezewa la tatu, yaani kuchagua wajumbe wake na kujipangia mazingira, inajiunda yenyewe, na ikishika yote manne inajitawala, kama ulivyo ushirika unaomilikiwa na wafanyakazi wake. Kwa mtu aliyezoea kusikia kwamba timu ama ina uhuru au haina, ngazi hizo ni faraja, maana zinaruhusu kuuliza swali linalojibika: uamuzi huu mahsusi ni wa nani?

Kisha kila mshiriki alipewa orodha ya maamuzi ya kawaida, aandike kwa kila uamuzi jina la mtu aliyeufanya mara ya mwisho, si yule anayetajwa katika sera za kampuni. Nani aliamua mjumbe mpya aingie katika timu? Nani alisema kazi hii ianze kabla ya ile? Nani alikadiria muda, na nani aliukata ule muda nusu? Nani alimwambia mteja kwamba haitakuwa tayari? Nani alitoa ruhusa ya kupandisha toleo hewani? Karatasi zilipobandikwa, safu ya timu ilikuwa karibu tupu kwa meza zote, hata kwa wale waliojitambulisha asubuhi kuwa wanatumia Skramu kwa muda mrefu.

Hapohapo ndipo kasoro ya msingi ya mafunzo ilipojitokeza. Mshiriki mmoja kutoka benki alieleza kwamba timu yao hupanga kazi kwa mizunguko ya wiki mbili, lakini hakuna mabadiliko yanayofika kwa wateja bila kibali cha kamati inayokaa mara moja kwa mwezi, hivyo wanamaliza mizunguko miwili kabla ya kujua kama kazi ya mzunguko wa kwanza inafaa. Mkufunzi alimjibu, “Hilo, dada, itabidi mzungumze na uongozi,” akaendelea na safu iliyofuata. Jibu halikuwa la uongo, ila ni jibu ambalo mtu asingelipia ada kulipata. Kulikuwa na mengi ya kusema. Mabadiliko yanaweza kugawanywa kwa kiwango cha hatari, yale madogo yanayorudishika kwa urahisi yakapewa kibali cha jumla mapema kwa sharti kwamba yamepita majaribio ya kiotomatiki, na kamati ikabaki na yale makubwa. Sharti la wakaguzi kwamba aliyeandika msimbo asiwe ndiye anayeuidhinisha linaweza kutimizwa ndani ya timu, kwa mwenzake kuupitia na mfumo kutunza kumbukumbu ya nani aliidhinisha nini na lini. Lakini hata jibu hilo zuri lingehitaji kusikika kwa mtu mwenye kalamu ya kutia saini, na mtu huyo hakuwepo. Ukumbi mzima ulikuwa na watengeneza programu, wajaribuji na wasimamizi wa miradi waliotumwa na wakubwa wao wakajifunze kuchukua mamlaka ambayo wakubwa hao hawajasema kama wako tayari kuyaachia.

Somo la kikao cha kujitathmini, kile cha kila mwisho wa mzunguko, lilifundishwa kwa ustadi kuliko nilivyotarajia. Mkufunzi alijua tatizo letu halisi: katika ofisi nyingi za hapa mdogo hamkosoi mkubwa mbele ya watu, na kikao hicho huisha kwa wote kusema mambo yamekwenda vizuri. Alitaka kila mtu aandike kimya kwenye vikaratasi vya kubandika bila jina, vikachanganywa, na aliyejiunga na kampuni karibuni zaidi ndiye akavisoma vyote, mkubwa akizungumza wa mwisho. Akaunganisha na uchunguzi wa mtafiti Amy Edmondson kuhusu makosa ya dawa hospitalini, aliouchapisha mwaka 1996, ambapo timu zilizokuwa na uongozi bora ndizo zilizoonekana kuripoti makosa mengi zaidi, kwa kuwa watu wake hawakuogopa kuyataja. Njia ya vikaratasi tumeichukua kama ilivyo ofisini kwetu na inafanya kazi, ingawa hati za mkono zinajulikana na ningeshauri watu wachape.

Kuhusu cheti, tangazo linahitaji kusomwa kwa makini. Kinachotolewa mwishoni ni hati ya kuhudhuria. Anayetaka cheti cha PSM I, cha ngazi ya kwanza cha msimamizi wa Skramu kinachotolewa na shirika la Scrum.org, hulipia mtihani kivyake mtandaoni, maswali 80 kwa dakika 60 na alama ya kufaulu ni asilimia 85, na wala halazimiki kuhudhuria darasa lolote. Cheti hicho hakina mwisho wa muda. Cha CSM, cheti kama hicho cha shirika jingine, Scrum Alliance, humtaka mtu ahudhurie darasa la mkufunzi aliyeidhinishwa nao, kisha apate walau maswali 37 kati ya 50, na huhuishwa kila baada ya miaka miwili kwa malipo. Mafunzo haya hayakidhi sharti la CSM, jambo ambalo wenzangu wawili waligundua wakati wa chai ya siku ya pili, na ambalo mwandaaji angeweza kuliandika kwenye tangazo kwa mstari mmoja.

Kwa msimamizi wa timu ambaye tayari ana nafasi fulani ya kuamua, ningesema aende, abebe orodha ya maamuzi kumi ya mwisho ya timu yake, na asihangaike sana na slaidi za siku ya kwanza. Kwa anayetafuta cheti tu, mwongozo wenyewe wa Skramu unapatikana bure mtandaoni na hauzidi kurasa 15. Ausome mpaka aujue, kisha alipie mtihani. Kwa kampuni inayotaka kutuma watu wengi kwa mpigo, iulize kwanza kama mwandaaji ana kipindi cha wakuu. Nilipouliza wakati tunaondoka, niliambiwa kipo, ni cha nusu siku, kina jedwali lilelile la mamlaka, hakitajwi kwenye tangazo na huombwa mara chache sana. Bajeti ya mafunzo ya idara ingekuwa mikononi mwangu, ningenunua hicho kabla ya kutuma mtu mwingine yeyote kwenye haya ya siku mbili.